Majaribio manne ya maabara ya mwaka wa tatu: tone la mafuta, Franck na Hertz, spektra ya gama na uhai wa muoni

Kila muhula wa maabara ya juu unapoanza, mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu huwekewa mbele yake orodha ya majaribio, na mara nyingi huchagua kwa jina: lile alilolisoma kidato cha sita, au lile ambalo waliomtangulia wamemhakikishia kwamba "linatoa majibu". Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwanafunzi aliyekwama kati ya majaribio manne yanayokutana mara kwa mara katika orodha hizo. Nimemlenga aliyeko Dodoma, kwa kuwa mahali pa kupimia si jambo la pembeni. Mji huu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake ni kirefu na cha vumbi, na ardhi inayouzunguka ina habari zake katika mionzi. Mambo hayo yote huingia ndani ya namba utakazoziandika katika daftari.

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni swali la fizikia ambalo jaribio linajibu. Cha pili ni vifaa, pamoja na usalama na vibali. Cha tatu ni muda unaohitajika na jinsi jaribio linavyostahimili umeme kukatika, joto na vumbi. Cha nne, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vingine, ni aina ya makosa ambayo mwanafunzi atalazimika kuyatafuta na kuyaeleza, kwa sababu hapo ndipo ripoti nzuri hutengana na ripoti ya kunakili. Cha tano ni nafasi aliyonayo mwanafunzi ya kuongeza jambo lake mwenyewe baada ya kukamilisha kipimo cha msingi.

Swali la fizikia

Tone la mafuta linauliza kama chaji ya umeme huja kwa vipande visivyogawanyika. Matone madogo hupuliziwa kati ya mabamba mawili ya chuma, mwanafunzi huchagua moja kwa darubini, hulipima likishuka kwa uzito wake na kisha likipandishwa kwa volti, na kutokana na kasi hizo mbili hukokotoa chaji ambayo tone limeibeba. Thamani ambayo Robert Millikan aliichapisha mwaka 1913 ilikuwa chini ya inayokubalika leo kwa takriban asilimia 0.6, na sababu kubwa ilikuwa mnato wa hewa alioutumia katika hesabu zake. Tangu 2019 chaji ya elektroni imewekwa kwa ufafanuzi kuwa 1.602176634 × 10⁻¹⁹ C kamili, kwa hiyo hakuna tena anayelifanya jaribio hili ili kuiboresha namba hiyo. Anayepimwa ni mpimaji.

Jaribio la James Franck na Gustav Hertz, la mwaka 1914, linaonyesha kwamba atomu haipokei nishati kiholela. Elektroni zikipita katika mvuke wa zebaki huku volti ikipandishwa taratibu, mkondo wa umeme hupanda, huporomoka, hupanda tena na kuporomoka tena, na vilele vyake huachana kwa takriban volti 4.9. Nishati hiyo hiyo hutoka tena kama mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7. Ukichukua 1,240 (zao la kizio cha Planck na kasi ya mwanga, kwa elektronivolti na nanomita) ukaigawa kwa 4.9 utaona namba hizo mbili zinavyosalimiana.

Spektra ya gama inauliza ni kiini gani kilichotoa mionzi hii, na fotoni zake hufanya nini zikikutana na mata. Sizi-137 hutoa mstari, yaani fotoni za nishati moja maalumu, wa keV 662 (keV moja ni elektronivolti elfu), kobalti-60 hutoa miwili ya keV 1,173 na 1,332, na potasiamu-40, ambayo imo ndani ya udongo, mbolea na mwili wa mwanafunzi mwenyewe, hutoa wa keV 1,461. Kando ya kilele cha sizi kuna ukingo wa Compton karibu na keV 477, yaani nishati kubwa kabisa ambayo fotoni huweza kuiachia elektroni katika mgongano mmoja, na kuueleza ukingo huo kwa hesabu ya mgongano wa fotoni na elektroni ni somo zima.

Muoni ni chembe yenye tungamo mara 207 ya elektroni, inayozaliwa kilomita nyingi juu angani pale miale ya kosmiki inapogonga hewa, na uhai wake wa wastani ni mikrosekunde 2.197. Kwa muda huo, hata ikienda karibu na kasi ya mwanga, ingetarajiwa kusafiri mita 660 tu kwa wastani. Kwamba zinafika hadi mezani ni ushahidi wa nadharia ya uhusianifu ya Einstein, isemayo kwamba muda wa kitu kiendacho kasi sana huenda polepole kwa anayekitazama, ambao mwanafunzi anaweza kuuhesabu kimoja kimoja. Sijui jaribio jingine la shahada ya kwanza linalotoa kitu kikubwa namna hiyo kwa njia nyepesi namna hiyo, ingawa wepesi huo, kama nitakavyoeleza, una bei yake.

Vifaa, usalama na vibali

Kwa vifaa, tone la mafuta ndilo la unyenyekevu zaidi: chemba yenye mabamba, darubini, taa, chanzo cha volti mia nne hadi mia sita, saa ya kusimamisha na mafuta ambayo msongamano wake unajulikana. Hatari yake ni volti hizo tu, nazo huzuilika kwa nidhamu ya kuzima kabla ya kufungua chemba.

Franck na Hertz linahitaji bomba la kioo lenye zebaki ndani ya tanuri ndogo inayopashwa hadi nyuzijoto 170 au 200 hivi. Bomba likivunjika likiwa la moto, maabara hujaa mvuke wa zebaki, sumu ile ile inayowadhuru wachimbaji wadogo wanaochenjua dhahabu, na hapo kazi ya siku hiyo imekwisha kwa watu wote waliomo chumbani. Lipo bomba la neoni ambalo halihitaji tanuri wala zebaki. Vilele vyake huachana kwa volti 18 au 19, na kati ya gridi zake huonekana matabaka ya mwanga wa rangi ya chungwa ambayo humfurahisha hata mtu asiyesoma fizikia. Ikiwa maabara yako ina yote mawili, la neoni ni salama zaidi, lakini tafsiri yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa viwango vya neoni vinavyohusika ni vingi na vimebanana.

Spektra ya gama inataka kigunduzi cha fuwele ya iodidi ya sodiamu inayotoa mmweko ikipigwa na mionzi, fotomaltiplaya (bomba linalogeuza mmweko hafifu kuwa ishara ya umeme), chanzo cha volti ya juu, kichambuzi cha chaneli nyingi kinachopanga ishara hizo kwa ukubwa, na ngao ya metali ya risasi, pamoja na vyanzo vidogo vya mionzi. Vyanzo hivyo havinunuliwi kama resista. Matumizi yake nchini yako chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na chuo kinatakiwa kuwa na leseni pamoja na mtu anayewajibika kwa usalama wa mionzi. Mwanafunzi haombi leseni mwenyewe, lakini anatakiwa kuuliza mapema kama vyanzo vilivyo kabatini vinaruhusiwa kutumika na nani ana ufunguo. Dozi anayoipata mtu kutokana na vyanzo vya kufundishia, akivitumia kwa koleo na kukaa mbali navyo, ni ndogo. Adui mkubwa hapa ni ucheleweshaji wa makaratasi.

Muoni halina chanzo cha kununua wala cha kuombea kibali, kwa kuwa anga hutoa bure. Kinachogharimu ni kigunduzi: pande la plastiki inayotoa mmweko chembe inapopita, fotomaltiplaya, na elektroniki inayoweza kupima pengo la mikrosekunde chache kati ya mmweko wa muoni kusimama na mmweko wa kuoza kwake.

Muda, umeme na hali ya hewa ya Dodoma

Franck na Hertz humalizika katika alasiri moja, ukihesabu na nusu saa ya kungoja tanuri itulie. Umeme ukikatika unapoteza nusu saa nyingine, basi.

Tone la mafuta huchukua siku mbili au tatu za subira. Tone lenye nusu kipenyo cha nusu mikromita hushuka milimita moja kwa sekunde 40 hivi, na unatakiwa ulipime lile lile mara nyingi kabla halijapotea machoni, kisha uende kwa jingine, hadi yafike thelathini au zaidi. Katika miezi ya upepo, madirisha yafungwe: chembe ya vumbi iliyoingia katika chemba inafanana sana na tone, nayo haina msongamano wa mafuta. Taa ya zamani yenye joto nayo huichemsha hewa ya chemba na kuyasukuma matone pembeni, hivyo taa ya LED ni bora.

Spektra ya gama kwa vyanzo vya maabara ni kazi ya saa chache, lakini sampuli hafifu kama udongo huhitaji kuachwa usiku kucha. Hapo joto la Dodoma huanza kusema. Mwanga wa fuwele na ukuzaji wa fotomaltiplaya hubadilika kadiri chumba kinavyopoa, na usiku wa Juni na Julai hapa ni wa baridi kweli baada ya mchana wa jua kali. Kilele kilichokuwa chaneli fulani jioni kinaweza kuonekana kimehama alfajiri. Dawa ni kuhifadhi data kwa vipande vya saa moja moja na kutumia mstari wa potasiamu-40, ambao haukosekani kamwe katika udongo, kama alama ya kurudishia mizani ya kila kipande.

Muoni ndilo linalotegemea umeme kuliko yote. Kigunduzi cha mezani hupata kuoza mara moja au mbili hivi kwa dakika. Kwa kuoza mara moja kwa dakika, siku nzima inakupa 1,440, na kwa kuwa kosa la nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, unahitaji matukio 2,500 ili kufikia asilimia 2, na 10,000, yaani wiki nzima, ili kufikia asilimia 1. Mimi mwenyewe niliwahi kuliacha likikusanya kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu katika maabara moja. Umeme ukakatika Jumamosi usiku kwa dakika kumi, kigunduzi kikawaka tena chenyewe, kompyuta haikuwaka, na Jumatatu nikakuta faili tupu. Betri ya akiba na programu inayoandika kila tukio kwenye diski papo hapo si anasa katika jaribio hili.

Data na makosa

Hapa ndipo majaribio haya yanapotengana kabisa, na ndipo ningemshauri mwanafunzi asome taratibu.

Tone la mafuta limejaa makosa ya kimfumo, yaani yale yanayosukuma vipimo vyote upande mmoja, na Dodoma imeliongezea moja. Sheria ya Stokes, inayotumika kupata ukubwa wa tone kutokana na kasi yake, huanza kukosea tone linapokuwa dogo kiasi cha kukaribiana na umbali kati ya migongano ya molekuli za hewa. Marekebisho yake hutegemea kanieneo ya hewa: kadiri hewa ilivyo nyepesi, ndivyo marekebisho yanavyokuwa makubwa. Katika mwinuko wa Dodoma kanieneo ni kama kPa 89, wakati vitabu vingi huandika 101.3. Mwanafunzi anayeinakili namba ya kitabuni, kwa tone la nusu mikromita, atapata chaji iliyozidi kwa takriban asilimia 3, na hatajua imetoka wapi, kwa kuwa matone yake yote yatakuwa yamekosewa upande ule ule. Mtego wa pili ni mjanja zaidi. Kanieneo inayotangazwa katika taarifa za hali ya hewa kwa kawaida imekwisha kurejeshwa hadi usawa wa bahari, hivyo anayeichukua huko, akiamini amekuwa makini, anarudi kwenye kosa lile lile. Tumia baromita ya maabara, au ile iliyomo ndani ya baadhi ya simu, na usome kanieneo halisi ya chumba. Kwa upande mwingine, kuandika mvutano wa dunia 9.81 badala ya 9.78 inayofaa huku karibu na ikweta huathiri jibu kwa chini ya asilimia 0.2. Kujua kosa lipi ni la kushughulikia na lipi ni la kuachwa, na kuonyesha kwa hesabu kwa nini, ndilo jambo ambalo jaribio hili linafundisha kuliko mengine yote matatu.

Lina pia jaribu la uaminifu. Mwanafunzi anajua jibu, na matone yasiyoangukia kwenye mafungu ya 1.6 humshawishi ayaite "mabaya" na kuyafuta. Andika kanuni ya kukataa tone kabla hujaanza kupima.

Franck na Hertz ni jepesi kwa hesabu, pengine jepesi mno. Kosa la kawaida ni kuchukua mahali kilipo kilele cha kwanza na kukiita nishati ya msisimko, ilhali kilele hicho kimesogezwa na tofauti ya asili ya volti kati ya metali za elektrodi. Kinachotakiwa ni mwachano kati ya vilele. Baada ya hapo wengi huchukua wastani, wanaandika 4.9, na wanafunga daftari. Anayetazama vizuri ataona kwamba mwachano wenyewe si sawa sawa: huongezeka kidogo kutoka kilele hadi kilele, na zaidi tanuri ikiwa ya joto dogo, kwa sababu elektroni iliyokwisha kufikia nishati ya kutosha huendelea kuongezewa kasi kabla ya kukutana na atomu.

Spektra ya gama hufundisha kuoanisha vilele na mkunjo wa Gauss, kutoa mionzi ya mazingira, na kukadiria ufanisi wa kigunduzi kwa kila nishati. Kigunduzi cha iodidi ya sodiamu hutenganisha kwa takriban asilimia 7 katika keV 662, kwa hiyo vilele vilivyokaribiana huungana, na mwanafunzi hulazimika kusema waziwazi asichoweza kukitenganisha.

Muoni ni shule ya takwimu: histogramu, mkunjo wa kieksponenti, na usuli wa matukio ya bahati. Kosa lake la kimfumo maarufu ni zuri sana, kwa kuwa lina fizikia ndani yake. Ukipata mikrosekunde 2.1 badala ya 2.197, huenda hukukosea chochote: muoni hasi zilizosimama katika plastiki hunaswa na viini vya kaboni, na baadhi yake hutoweka kwa njia hiyo kabla ya kuoza, hivyo uhai wa mchanganyiko wa hasi na chanya huonekana mfupi. Lakini huu ndio wepesi niliosema una bei: kisanduku hufanya kazi yote peke yake, na mwanafunzi asiyejilazimisha kuchunguza elektroniki yake anaweza kumaliza muhula akiwa amebonyeza kitufe kimoja tu.

Nafasi ya kuongeza lako

Kwa spektra ya gama, Dodoma ina bahati. Maeneo ya Bahi na Manyoni yamewahi kufanyiwa utafutaji wa urani, na udongo wa huko ni sampuli halali ya kulinganisha na ule wa bustani ya chuo. Zingatia jambo moja ambalo huharibu miradi mingi: mistari ya gama inayotumika kukadiria radiamu, kama ule wa keV 609, hutoka kwa mabinti wa radoni, yaani viini vinavyozaliwa radoni inapooza, na radoni ni gesi inayotoroka sampuli inapokaushwa na kusagwa. Nusu-maisha yake ni siku 3.8, kwa hiyo ifunge sampuli katika kopo lisilovuja na uiache wiki tatu hadi nne, radoni na mabinti wake wajae tena, kabla ya kupima. Anayekwenda kuchota udongo wiki ya kumi ya muhula amekwisha kuchelewa.

Muoni nalo linaweza kutoka nje. Ukiwa na vigunduzi viwili vinavyohesabu kwa pamoja, unaweza kulinganisha wingi wa muoni Dodoma na Dar es Salaam, au kuvielekeza mashariki kisha magharibi: miale ya msingi ina chaji chanya kwa sehemu kubwa, na uga wa sumaku wa dunia hufanya nyingi zaidi zije kutoka magharibi, athari inayojitokeza zaidi karibu na ikweta ya sumaku, tuliko sisi. Kigunduzi kimoja cha kupimia uhai hakitoshi kwa hilo.

Tone la mafuta linakuruhusu kupima matone ya ukubwa tofauti na kuipata mwenyewe namba isiyobadilika ya marekebisho ya Stokes. Franck na Hertz linakuruhusu kubadilisha joto la tanuri na kufuatilia mwachano ule unaokua, na si zaidi sana ya hapo.

Uchague kwa hali yako

Ikiwa una alasiri chache tu, au unalihitaji jaribio moja kati ya mengi ya kozi, Franck na Hertz litakutosha, mradi uchukue mikunjo katika joto tatu au nne tofauti badala ya mmoja.

Ikiwa unajiandaa kufundisha sekondari, tone la mafuta litakupa kile utakachokieleza kwa miaka mingi: jinsi namba iliyo kitabuni ilivyopatikana. Lakini mwenye macho yanayochoka haraka afanye na mwenzake, mmoja kwenye darubini na mmoja kwenye saa.

Ikiwa macho yako yako kwenye fizikia ya tiba, jiolojia, madini au usalama wa mionzi, chukua spektra ya gama, uanze na suala la vyanzo na sampuli wiki ya kwanza. Ikiwa chuo chako hakina leseni hai, bado unaweza kupima potasiamu-40 katika chumvi ya kloridi ya potasiamu na katika mbolea, na mradi ukawa na heshima yake.

Ikiwa unapenda kuandika programu na una mahali penye umeme wa akiba, muoni litakufaa, hasa ukikusudia kuandika mwenyewe programu ya kuchambua data badala ya kutumia iliyokuja na kifaa. Kama hakuna betri ya akiba na hakuna dalili ya kupatikana, liache.

Na kama bado hujaamua, nenda kwa fundi sanifu wa maabara kabla ya kwenda kwa msimamizi wako, umuulize ni kifaa kipi kati ya hivi vinne kilichowashwa na kufanya kazi muhula uliopita. Orodha ya majaribio huandikwa mara moja na kubaki ukutani miaka mingi. Yeye ndiye anayejua ni fotomaltiplaya ipi imekufa.